Buabua Aliyegeuza Shingo

Haya, tulieni. Tulimwacha Svala katikati ya barabara ya Laugavegur, mvua ya upepo inampiga ubavuni, mdomo wazi, akilitazama sweta la mumewe likiteremka mtaa mgongoni mwa msichana mwenye nywele nyekundu.

Najua mmekasirika. Wiki nzima simu ya gazeti haikupumzika. Mama mmoja kanifokea, "Mwandishi, mwache Svala amshike huyo msichana nywele, basi tumalize!" Ngoja, mama. Svala hajawahi kumshika mtu nywele maishani mwake, na leo nusura aanze.

Kwa aliyechelewa: Svala ni mke wa Torfi, fundi wa injini za meli kijijini Selvík, kule Ghuba za Magharibi. Kila mwezi Torfi hupanda ndege kwenda Reykjavík kutibiwa mgongo. Januari alirudi bila sweta lake la sufu, akasema limeibwa hospitalini. Safari hii Svala akapanda ndege iliyofuata, kimya kimya, peke yake. Hajawahi kuukanyaga mji mkuu bila mume mbele yake ameshika tiketi.

Na sweta lenyewe si la dukani. Alilifuma kwa mikono yake. Mabegani limezungukwa na ndege buabua, wote wanatazama mbele, isipokuwa mmoja, bega la kushoto, amegeuza shingo anatazama nyuma. Pambo hilo ni la marehemu mama yake. Halikuandikwa popote na haliuzwi.

"Torfi wewe!" Svala akasema kwa sauti pale barabarani. "Umemvalisha!"

Watu wawili wakageuka. Hakujali. Akaanza kumfuata msichana.

Msichana alikuwa na miguu mirefu na haraka ya kijana. Akakata kulia, Svala naye kulia. Akapita kati ya nyumba za mabati ya rangi, Svala nyuma yake, upepo unamvua kofia. Selvík mtu hawezi kutembea hatua kumi bila kuulizwa anakwenda wapi na kwa nini hakuvaa glavu. Hapa hakuna aliyemuuliza. Kwa dakika moja, katikati ya hasira yake, Svala aliona raha ya ajabu kuwa mtu asiyejulikana. Kisha akakumbuka kilichomleta, na raha ikamtoka.

Akageuka kumtafuta msichana. Hayupo!

Mbele, barabara tatu. Nyuma, mnara wa kanisa. Svala alizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Siku zote Torfi ndiye aliyejua njia, na yeye kazi yake ilikuwa kutazama mgongo wa Torfi.

"Mjinga mimi," akajisema. "Hata kumfumania mume siwezi bila mume kunionyesha njia!"

Ndipo akaliona. Sweta lile pale, kwenye foleni ya kibanda cha soseji, buabua wote mabegani na maji yanawatiririka. Svala akavuka barabara mbio na kujipanga nyuma yake, karibu kabisa, hata harufu ya sufu iliyolowa ikamwingia puani.

Ndege aliyegeuza shingo alikuwa pale pale, bega la kushoto, anamtazama usoni.

"Moja, na kila kitu," msichana akamwambia muuzaji.

"Na kitunguu kibichi?"

"Nimesema kila kitu. Kitunguu kibichi si kitu?"

Muuzaji akacheka. Svala hakucheka. Aliona tu jinsi sweta lilivyomning'inia msichana, pana mabegani, refu mikononi. Sweta la mwanaume. La mwanaume wake.

"Samahani," Svala akasema, na sauti yake ilimshangaza kwa utamu. "Sweta zuri. Umelinunua wapi?"

Msichana akageuka, mashavu mekundu, mchuzi wa haradali mdomoni. Alikuwa mzuri, na hilo Svala hakulisamehe.

"Hili nisingelinunua hata siku moja," msichana akasema. "Nimepewa."

"Na mpenzi?"

"Ha! Na mwanaume, ndiyo." Akalamba kidole. "Mwanaume mwenye mikono mikubwa hivi."

Akaonyesha kwa soseji. Jamani, damu ya Svala ilipanda mpaka masikioni. Anaijua ile mikono. Ndiyo inayofungua makopo yake ya samaki.

"Anakupenda," Svala akasema.

"Sana," msichana akajibu, bila aibu hata ya kukopa. "Haya, mimi nakwenda bwawani nikapashe mifupa moto. Kwaheri."

Akaondoka anatafuna. Muuzaji akamuuliza Svala anataka nini. Svala akasema hataki kitu, akaacha foleni, akamfuata msichana mpaka bwawa la Vesturbær.

*

Sasa sikilizeni. Mimi nimeoga kwenye mabwawa ya Reykjavík miaka mingi, nawaambia ukweli: humo hakuna siri. Viatu unaviacha nje. Nguo zote unavua. Unasimama chini ya bomba uchi kama ulivyozaliwa, pamoja na jirani yako, mwalimu wako na waziri wako wa fedha, na unajisugua kwa sabuni mpaka yule mama msimamizi aridhike. Ukijaribu kuingia majini na vazi lako kavu, utarudishwa kwa kelele.

Svala aliazima taulo na vazi la kuogelea. Alipoingia chumba cha kubadilishia, msichana alikuwa ameshakwenda kuoga. Vitu vyake vilikuwa kwenye benchi. Suruali, soksi, na juu yake, limekunjwa ovyo, sweta.

Svala akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akalinyakua.

Alikusudia nini, hata yeye hajui. Labda kulitupa. Labda kulia ndani yake. Lakini mkono wa mfumaji ni mkono wa mfumaji: kabla hajafikiri, alikuwa ameligeuza ndani nje.

Akaganda.

Ndani ya sweta kulikuwa na mafundo. Mafundo! Kila rangi ya uzi ilipobadilishwa, mtu alifunga fundo kama anafunga mashua gatini. Huko Selvík msichana wa miaka saba akifunga fundo ndani ya sweta, nyanya yake humfumulia mbele ya wageni. Ncha za uzi hufichwa kwa sindano, moja moja, mpaka ndani pawe pasafi kuliko nje.

"Si langu," Svala akanong'ona. "Si kazi yangu hii. Si sweta la Torfi!"

Alikaa chini. Alicheka peke yake, akafuta machozi kwa mkono wa sweta la watu. Kumbe kamfuata mtoto wa watu mji mzima kwa bure! Kumbe Torfi wake yuko kwa daktari, kalala kifudifudi, mgongo unakandwa!

Akalikunja vizuri. Akalirudisha. Na mkono ukamgandia kwenye bega la kushoto.

Ndege alikuwa amegeuza shingo.

Kama si mkono wake, ni mkono wa nani? Mama alilifundisha pambo lile kwa watu wawili tu duniani, jikoni, majira ya baridi, mlango umefungwa. Mmoja ni Svala. Wa pili ni mdogo wake, Unna.

Kicheko kikamkauka.

Hapa, wasomaji wangu, lazima niwaambie jambo ambalo Svala hajawahi kumwambia mtu. Kabla Torfi hajamposa yeye, alikuwa wa Unna. Majira yote ya baridi walicheza dansi pamoja kwenye ukumbi wa kijiji, na Svala ndiye aliyekuwa akishika makoti. Masika Unna akaondoka kwenda Denmark. Torfi akabaki. Mwaka uliofuata akamwoa Svala. Unna hakuja harusini, na hata aliporudi nchini kuishi Reykjavík, Svala hakutaka kusikia lolote. Mtu akilitaja jina la Unna mezani, Svala huinuka na kwenda kuosha vyombo visivyo na uchafu.

Na tangu siku ya harusi ana swali moja. Analala nalo, anaamka nalo. Torfi alinichagua, au nilibaki tu?

*

Nje, hewa ilikuwa inauma. Msichana alikuwa kwenye chungu, ndivyo wanavyokiita kile kidimbwi cha maji moto, amezama mpaka shingoni, mvuke umemzunguka. Mzee mmoja kipara alikuwa naye. Svala akaingia, maji yakamchoma miguu, akakaa kinyume chao.

"Aa, mama wa soseji!" msichana akasema. "Umenifuata?"

"Mimi? Nimefuata maji moto."

"Hana kosa," mzee akasema. "Kwa upepo huu hata shetani angeoga. Naitwa Ketill. Na wewe, mwekundu, ni wa nani?"

"Birta. Wa Unna."

Svala akameza maji ya dimbwi.

"Nakuuliza baba," mzee akasema. "Mtu huitwa kwa baba."

"Mimi naitwa kwa mama, mzee. Birta binti Unna. Mama alinitosha."

"Na huyu anayekohoa?"

"Rakel," Svala akasema, akijifuta uso. Jina la kwanza lililomjia. "Natoka mbali. Kaskazini."

"Kaskazini wapi?"

"Mbali."

Mzee akaguna. Watu wa Kaskazini, akasema, hawajawahi kumaliza sentensi. Kisha akafumba macho na kuanza kukoroma pale pale majini.

Svala alimtazama Birta kwa macho mapya. Nywele nyekundu, hizo za Unna. Kidevu? Kidevu cha nani? Na ana umri gani huyu? Alianza kuhesabu, akaogopa kumaliza hesabu.

"Baba yako yuko wapi?" akauliza.

"Baharia wa Visiwa vya Faroe. Alipita, akaondoka. Hadithi fupi." Birta akajimwagia maji usoni. "Kwani wewe polisi?"

Svala nusura ambusu. Mfaroe! Mungu awabariki Wafaroe wote na meli zao!

"Na yule mwanaume wa sweta?" akauliza, sasa kwa wepesi. "Nimeona limefumwa kwa mafundo, usinikasirikie. Mimi mfumaji. Jicho halitulii."

Birta akacheka mpaka mzee akashtuka usingizini.

"Umeyaona? Mama kila siku anamtukana kwa hayo mafundo! Ni fundi wa injini, anatoka Ghuba za Magharibi. Torfi. Kila mwezi anakuja, anakaa jikoni kwetu, mama anamfundisha. Ungemwona! Sindano zinapotea kwenye vidole. Anavyolaani, paka anahama nyumba."

Jina limetajwa. Torfi. Jikoni. Kwa Unna. Kila mwezi.

Svala akashika ukingo wa dimbwi.

"Hana mgongo?" akauliza. "Namaanisha, haumwi mgongo?"

"Mgongo? Yule? Mwezi uliopita kabeba friji yetu peke yake." Birta akasogea karibu, kama wanavyofanya watu wenye umbea mtamu. "Eti anamfumia mkewe. Vidole vya mkewe vimeharibika kwenye kiwanda cha samaki, hawezi tena kufuma, na la kwake mwenyewe hana. Wote kawafumia, mwenyewe hana. Hili langu lilikuwa la majaribio. Lilimtoka kubwa kama hema, nikapewa mimi. La pili ndilo la mke."

Svala aliitazama mikono yake chini ya maji. Vifundo vya vidole vimevimba. Hakujua kama Torfi ameviona.

Sasa nyinyi mnasema, ah, mume mwema, yamekwisha. Hamjui wivu nyinyi. Wivu wa Svala haukupungua hata tone. Kwa nini nisimfundishe mimi mwenyewe? Kwa nini asiniombe mimi pambo la mama yangu? Kwa nini jikoni mwa Unna?

"Mkewe anajua?" akauliza.

"We! Mkewe ana wivu huyo, mama yangu! Aliwahi kumnunia wiki nzima kwa sababu alisifia supu ya kondoo ya jirani."

"Ilikuwa siku nne," Svala akasema.

"Nini?"

"Nasema, wengine hununa siku nne tu."

Mzee akafumbua jicho moja. "Supu ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa maji matupu!" Svala akafoka. Birta akamtazama kwa mshangao, na Svala akaona afanye haraka kabla hajagunduliwa. "Sikiliza, mwanangu. Yale mafundo yatafumuka ukifua mara mbili. Nipeleke kwenu nikamwonyeshe huyo fundi wako namna ya kuficha uzi. Leo yupo?"

"Yupo tangu asubuhi." Birta akainuka, maji yakamiminika. "Twende! Atafurahi kupata mtu mwingine wa kumtukana."

*

Nyumba ya Unna ilikuwa ya mabati ya kijani, ng'ambo ya ziwa la mabata. Birta alisahau maziwa ya kahawa. "Mlango uko wazi," akasema, "ingia tu, nakuja," akakimbilia dukani.

Svala akaingia peke yake.

Ukumbini kulikuwa na viatu, kama nyumba yoyote. Viatu vidogo vya kike. Mabuti ya mvua. Na jozi moja kubwa, imekaa kwa raha karibu na ukuta, visigino vimetazama mlango. Kamba ya kiatu cha kulia ilikuwa ya wavu wa samaki, rangi ya machungwa. Svala ndiye aliyeitia wiki iliyopita.

Viatu vile havikukaa kama viatu vya mgeni. Vilikuwa na mahali pao.

Akavua vyake. Akabaki na soksi, zilizolowa. Jikoni kulikuwa na sauti.

"Unamwambia lini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Unna. Miaka yote hii, na Svala aliijua kwa neno moja.

"Likiisha sweta," Torfi akajibu.

"Kila mwezi, likiisha sweta! Umelifumua mara ngapi ili lisiishe?"

"Unna, nikimwambia ataondoka."

"Basi ataondoka. Lakini mimi nimechoka kuficha, na si mimi peke yangu ninayeficha humu ndani. Inua mkono. Livute hapa kiunoni."

Svala akasukuma mlango.

Torfi alikuwa amepiga magoti sakafuni. Mikono yake, ile mikono, ilikuwa kiunoni kwa Unna, analishusha sweta jipya, sindano bado zinaning'inia kwenye pindo. Unna alikuwa amenyanyua mikono juu, bado mwembamba, bado mzuri, mabegani amezungukwa na buabua. Kwenye kiti kulitundikwa sweta lile la zamani, lililoibwa hospitalini, kumbe ni la kuigia.

"Toa mikono yako hapo," Svala akasema.

Torfi aliinuka kwa kasi, akagonga kichwa kwenye meza, kikombe kikavunjika.

"Svala! Umefikaje?"

"Kwa ndege. Kwani ndege zinakubeba wewe tu?"

"Peke yako?"

"Peke yangu! Na nimezunguka mji mzima peke yangu, na sikupotea." Tumsamehe huo uongo. "Daktari wa mgongo ndiye huyu? Anatibu kwa kupapaswa kiuno?"

"Svala, kaa," Unna akasema taratibu.

"Usinikaribishe! Miaka yote hii hukunikaribisha."

"Ni lako," Torfi akasema. Uso ulimwiva. "Sweta. Nalifuma liwe lako. Nilitaka nikushangaze. Vidole vyako, nimeona unavyovificha mezani..."

"Langu, na kavaa yeye?"

"Tunapima tu! Mama yenu alikuwa akisema mlikuwa mnavaa nguo moja, nyinyi wawili, gauni moja, koti moja. Nikasema nikipima kwa Unna..."

Lakini Svala alikuwa ameshaliangalia lile sweta, na jicho la mfumaji halihitaji kamba ya kupimia. Mabega membamba. Kiuno chembamba. Svala asingeingiza hata kichwa na mkono mmoja.

"Torfi," akasema, na sasa hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tulivaa nguo moja tulipokuwa wasichana. Wewe unalala na mimi kila siku. Unanikumbatia. Nimenenepa mikononi mwako, mbele ya macho yako. Na bado, ukikaa kunifumia nguo, kipimo ulichonacho kichwani ni cha Unna?"

Torfi akaanza kuokota vipande vya kikombe.

"Amekushika, bwana," Unna akasema.

"Livue," Svala akamwambia mdogo wake.

Unna akalivua. Svala akalipokea, akatafuta ncha ya uzi, akachomoa sindano moja, akachomoa ya pili. Kisha akavuta.

"Svala, hapana!" Torfi akalia kama mtoto. "Miezi mitano!"

Akavuta. Pindo likafumuka, mstari kwa mstari, uzi unarukaruka kama kitu kilicho hai. Vidole vyake vibovu vilimuuma, hakuacha. Fundo likakwama. Akalikata kwa meno, akatema, akaendelea. Kiuno cha Unna kikaisha. Kifua cha Unna kikaisha. Uzi ukajaa sakafuni mpaka ukafunika soksi zao.

Alipofika mabegani, kwa buabua, akasimama.

"Utafuma upya," akasema. "Kwa kipimo changu. Mbele yangu. Lete kamba."

Unna ndiye aliyemtupia Torfi kamba ya kupimia. Torfi akaja, akaizungusha kifuani kwa mkewe. Alikuwa karibu kabisa. Alinuka kahawa na sufu. Svala akamuuliza lile swali, chini kwa chini, kama mtu anayekohoa:

"Ulinichagua, au nilibaki?"

Torfi akamtazama. Nilidhani atababaika, hakubabaika.

"Unna aliniomba niende naye Denmark. Tiketi alishanunua. Nilikwenda gatini na mkoba, Svala. Nikageuka, nikakuona kwa mbali mlangoni mwa ukumbi wa dansi, bado umesimama na makoti yetu, umesahau kunipa langu. Nikarudi kulichukua. Sikupanda meli."

"Koti tu?"

"Sikurudi kwa sababu ya koti."

Svala akamgeukia Unna. Unna akakubali kwa kichwa. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini hakuyafuta.

"Kweli tupu," Unna akasema. "Nilimsubiri mpaka meli ikatoka. Alikuchagua wewe."

Jamani! Miaka yote ile, na jibu lilikuwa fupi hivyo. Svala alihisi kitu kimemwachia kifuani. Alimshinda Unna! Mzuri, mwembamba, mcheza dansi, na kashindwa na mshika makoti! Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumkumbatia hata huyo Unna mwenyewe. Mikono ya Torfi ilikuwa kiunoni kwake na kamba, na kipimo kilikuwa chake.

"Kwa hiyo ni huyu, baba?"

Birta alikuwa mlangoni. Chupa ya maziwa mkononi, nywele zinatona maji. Hakuna aliyemsikia akiingia. Svala hakuelewa mara moja neno alilolisikia. Alimwangalia msichana, kisha akamwangalia Torfi, na kwa mara ya kwanza akakiona kile kidevu mara mbili.

"Birta, mwanangu, tulikubaliana," Unna akasema. "Ulisema utasubiri mpaka aambiwe."

"Nimesubiri, mama. Nimewasingizia Wafaroe mpaka kwa wageni bwawani, na mgeni kumbe ndiye huyu." Macho yake hayakumwacha Torfi. "Uliniambia hukujua kama mama ana mimba. Sawa, nimekuamini. Ila hukuniambia kwamba ulifika gatini na mkoba. Ulifika, baba. Ukarudi kwa huyu."

Kamba ya kupimia ikamtoka Torfi mkononi.

Svala alimjua yule msichana sasa. Aliujua ule uso kuliko mtu yeyote chumbani, maana ameuvaa mwenyewe miaka yote, kila alipojitazama kwenye kioo: uso wa mtu anayemtazama mwenzake akiwa amekumbatiwa na aliye wake.

Birta akaweka maziwa mezani. Akalivua lile sweta la mafundo kupitia kichwani, akabaki na fulana, akamrushia Svala kifuani.

"Vaa hilo," akasema. "Mimi nalo halikunikaa hata siku moja."

Akatoka, na viatu hakuvaa.

Svala alilidaka. Lilikuwa bado na joto la binti wa Unna. Alilinyoosha mbele yake, mabega kwa mabega, akapima upana wake kwa jicho. Lilikuwa kipimo chake kabisa: mikono ya Torfi ilikijua, hata kama kichwa hakikukijua.